Udhu Si Dawa ya Vijidudu

Ndugu zangu Waislamu,

Mtume wetu (S.A.W.) ametufundisha kwamba aamkaye usingizini aoshe mkono mara tatu kabla ya kuutia chomboni, kwa kuwa hajui ulikolala. Zingatieni: sababu si uchafu uonekanao, bali ni kule kutojua.

Mwaka 1847, katika hospitali kuu ya mji wa Vienna, wazazi waliozalishwa na madaktari walikuwa wakifa kwa homa ya uzazi; mwezi wa Aprili walikufa kiasi cha 18 katika kila 100. Tabibu Ignaz Semmelweis akatambua kwamba madaktari hao hutoka kupasua maiti kisha huenda kuzalisha. Sabuni walitumia, lakini harufu ya maiti ilibaki mikononi. Akawalazimisha kuosha kwa maji ya klorini, na mwezi wa Juni vifo vikashuka hata kiasi cha 2 katika 100. Walakini wakubwa wengi walimkataa, kwani kumkubali ni kukiri kwamba mikono yao ndiyo iliyoua.

Je, sisi tumesalimika na kiburi hicho? Muuguzi akitutaka tuoshe mikono kabla ya kumshika mtoto mchanga, twamjibu: "Nina udhu." Ndugu yangu, udhu ni tohara ya sala, haukuwekwa uwe dawa ya kuulia vijidudu. Basi mwenye udhu na aoshe kwa sabuni, na akipewa dawa ya mikono aitie pasi na kununa. Kuhifadhi nafsi ni katika makusudio ya Sharia, na roho ya mzazi na mwanawe ni amana.

Mwenyezi Mungu atuepushe na kiburi. Amin.