Raha Yetu na Paa la Ndugu

Je, mtu ana haki ya kustarehe wakati ndugu yake ana shida? Wengi wetu tumelelewa na jibu lililo tayari: mtu ni watu, na asiyejali jamaa zake hana kwao. Jibu hilo naliheshimu. Lakini, msomaji mpenzi, tuseme kweli: katika ukoo mkubwa shida haziishi. Leo ada, kesho msiba, keshokutwa mahari. Ikiwa starehe ni lazima ingoje shida ziishe, basi hatastarehe mtu mpaka azikwe.

Swali hili lilinielemea mwezi Juni, mwaka 2018, tulipofunga safari kutoka Iringa kwenda Bagamoyo: mimi, mke wangu, watoto watatu na mama yangu mzazi, ambaye tangu azaliwe alikuwa hajaiona bahari. Wiki chache kabla ya hapo upepo ulikuwa umeezua nyumba ya kaka yangu kijijini. Nilimpelekea fedha za nusu ya mabati, na nusu ya pili nikamwahidi kabla ya mvua za Novemba. Alipokea, akashukuru, kisha akasema, "Lakini mdogo wangu, hela ya kwenda kuoga maji ya chumvi si ingemaliza paa?"

Tulikaa ufukweni siku nne. Mama alichota maji kwa kiganja, akayaonja, akatema, akacheka mpaka machozi yakamtoka. "Maji mengi hivi, na hayanyweki!" Watoto hawakuwahi kumwona bibi yao akicheka namna ile. Tulipangiana zamu za kupika, kwa kuwa mapumziko ambayo mwanamke mmoja anawapikia watu sita si mapumziko yake.

Mji wenyewe nao unafikirisha. Katika karne ya 19 misafara ya pembe za ndovu na ya watumwa kutoka bara iliishia hapo. Wapo wanaosema jina lake latokana na kubwaga moyo: mpagazi aliutua mzigo akapumua, na mateka alipoiona bahari alikata tamaa. Iwayo yote asili ya jina, tajiri aliyepunga upepo barazani alistarehe juu ya mabega ya wengine. Raha ya namna hiyo ni dhuluma, hata kama mwenyewe anajiona mwema.

Njia ya kurudi ni ndefu, karibu kilomita 500, kupitia Msata, Chalinze na Morogoro. Mikumi, ambako barabara inakatiza hifadhini, tulikwenda polepole kwa ajili ya wanyama, watoto wakihesabu swala hata wakasinzia. Hapo mke wangu akalirudia neno la kaka. Tulijadiliana mpaka Ruaha Mbuyuni, tukanunua vitunguu, tukaendelea. Kwenye mlima wa Kitonga, nyuma ya malori yaliyokuwa yakijikokota, mama, tuliyedhani amelala, akauliza, "Kaka yako utamweleza nini?"

"Nitamweleza yote, mama."

"Basi mweleze mimi nikiwapo."

Tangu siku ile nina vipimo viwili. Cha kwanza: ni nani aliyebeba mzigo wa raha hii? Kaka hakuubeba. Paa lake lilikuwa na siku yake, nayo ilikuwa kabla ya mvua. Lau angekuwa mgonjwa kitandani, au mvua ingekuwa inawanyeshea wanawe, ningesema mengine: safari huahirishwa, mgonjwa hangoji.

Cha pili: je, naweza kumsimulia raha hii yule aliyebaki nyumbani? Raha inayofichwa imekwisha kujihukumu. Utaniambia kwamba mtu asiye na haya aweza kusimulia lolote. Ni kweli. Ndiyo maana kusimulia hakutoshi. Sharti ukae pia umsikilize anayekujibu. Kaka alinisikiliza, mama akiwapo, akasema bado anaona ningemaliza paa kwanza. Sikumshawishi, wala sikuondoka kwa hasira. Mabati yaliyobaki yalifika mwezi Oktoba, kama tulivyoagana.

Mama alifariki mwaka 2021. Watu huniambia, "Unaona? Ulifanya vema kumpeleka." Sipendi kukitumia kifo chake kama ushahidi. Hata angeishi miaka 100, hoja ingebaki ile ile: mzee aliyetumia maisha yake kuwalisha wengine naye ni ndugu mwenye haja, ingawa haja yake haina bei ya dukani na wala mwenyewe haitaji. Tukihesabu shida za ukoo, aghalabu tunahesabu zile zinazopiga kelele: ada, paa, hospitali. Zisizopiga kelele tunaziita anasa. Kutoa ni moyo, wahenga walisema. Nami naongeza kwamba moyo huo uwe na macho ya kumwona hata yule asiyeomba.