Je, Sheria Usiyoweza Kuijua Inakufunga?

Darasani tulicheka sana siku tuliyozungumzia sheria za ajabu. Hapa Malawi, sheria ya mavazi ya mwaka 1973, enzi za Rais Kamuzu Banda, ilimkataza mwanamke kuvaa suruali, na mwanamume naye alikatazwa kufuga nywele ndefu. Mwaka 2011 waziri mmoja alisema muswada wa mahakama za mitaa ungemfanya anayejamba hadharani kuwa mhalifu. Siku chache baadaye akayameza maneno yake.

Jioni nikamsimulia baba mdogo, hapa Dzaleka. Hakucheka. Aliniambia kwamba mwaka 2014 alikamatwa Lilongwe alfajiri akielekea sokoni. "Karatasi ya ruhusa ya kutoka kambini nilikuwa nayo. Nikauliza, kosa langu nini? Wakasema, kuzurura." Alilala ndani siku mbili.

Kosa hilo lilikuwa katika kifungu cha 184 cha Kanuni ya Adhabu, chenye asili katika sheria ya Uingereza ya mwaka 1824. Kilitosha kumkamata mtu kwa kudhaniwa tu kuwa ana nia mbaya. Mwaka 2015 mchuuzi Mayeso Gwanda alikamatwa alfajiri akienda Limbe kuuza mifuko ya plastiki. Tarehe 10 Januari 2017 Mahakama Kuu ilitamka kwamba sehemu hiyo ya kifungu inakiuka katiba.

Tunafundishwa kwamba kutojua sheria si utetezi. Nakubali, kwa sababu bila hivyo kila mwizi angesema hakujua. Lakini kanuni hiyo inadai kitu kwa serikali pia: sheria iwe kitu ambacho mtu anaweza kukijua kabla hajatenda. Baba mdogo angesoma kifungu kile mara kumi, bado asingejua atembeeje ili asionekane mzururaji. Jibu lilikuwa kichwani mwa askari.

Mwenzangu atasema sisi wakimbizi ni wageni, na mgeni hachagui kanuni za mwenyeji. Sawa. Sharti la kuomba ruhusa ya kutoka kambini linaniumiza, na sidhani kuwa ni la haki, lakini nalijua mpaka wake na ninaweza kulipinga kwa hoja. Sheria isiyo na mpaka haipingiki wala haitiiki. Inaogopwa tu.

Ndiyo maana naona sheria ya namna hiyo inaweza kuufunga mwili, lakini haiifungi dhamiri. Na sisi tuliocheka, tujiulize: tulicheka kwa kuwa sheria zile ni za ajabu, au kwa kuwa hazijatugusa?