Mzee Asahauye Amekosa Nini?

Zipo nyumba ambamo mzee aliyekuwa akijua nasaba ya ukoo mzima leo amwuliza mwanawe mwenyewe, "Wewe u nani?" Hula, akasahau kuwa amekula. Hutoka nje, asijue njia ya kurudi. Hapo majirani huanza kunong'ona. Mmoja asema amerogwa. Wa pili asema yeye mwenyewe ndiye mchawi. Wa tatu, ajionaye mwenye elimu, asema, "Angaliishi vema ujanani, yasingalimpata haya."

Maneno ya wawili wa kwanza ni upuzi, tena ni dhambi. Neno la wa tatu lataka kupimwa, kwa maana lina chembe ya kweli ndani yake.

Tangu mwaka 1994 wataalamu wa mjini Chicago, katika Marekani, wamekuwa wakiwapima mwaka hata mwaka masista, mapadre na mabruda wazee, ambao walikubali ubongo wao uchunguzwe baada ya kufa. Mwaka 2007 Robert Wilson na wenzake walitoa taarifa ya watu 997 miongoni mwao. Wote walikuwa na akili timamu walipoanza kupimwa. Waliulizwa maswali juu ya tabia yao: Je, ni watu wa bidii, wa utaratibu, wenye kujitawala na kutimiza waliloahidi? Kisha wakaangaliwa kwa muda uliofika miaka 12, na 176 kati yao wakapatwa na ugonjwa wa Alzheimer. Ikaonekana kwamba wale waliozidi sana katika tabia hiyo walikuwa na hatari ya ugonjwa iliyo pungufu kwa asilimia 89, wakilinganishwa na wale waliokuwa nayo kidogo.

Basi, je, jirani yetu wa tatu amesema kweli? Tusiharakishe. Wataalamu hao walipochunguza ubongo wa waliofariki, hawakuona kwamba wenye bidii walikuwa na alama chache za ugonjwa. Ugonjwa uliingia kwao kama kwa wengine. Yaelekea kwamba tabia ile haikuufungia mlango, bali ilisaidia akili kuustahimili.

Katika habari hii twapata mafundisho mawili. La kwanza ni la wazazi. Utaratibu na uaminifu katika mambo madogo haviokotwi uzeeni. Samaki mkunje angali mbichi. Mtoto afundishwaye kumaliza kazi aliyoianza na kushika neno lake apewa akiba ambayo huenda ikamfaa hata mvi zikimjaa. Lakini asifundishwe wema kama mtu anunuaye dawa. Atendaye wajibu wake ili alipwe afya amefanya biashara tu, na siku afya itakapomtoka ataona amedhulumiwa.

Fundisho la pili latuhusu sote. Hesabu za wataalamu huwahusu watu wengi pamoja. Haziwezi kumhukumu mtu mmoja. Miongoni mwa watawa wale walikuwapo walioshika kengele ya sala na kazi kwa miaka hamsini, na bado wakapoteza kumbukumbu. Hakuna awezaye kumtazama mzee mgonjwa akasoma usoni pake makosa ya ujana wake. Wanafunzi walimwuliza Bwana wetu juu ya mtu aliyezaliwa kipofu, ni nani aliyekosa, yeye au wazazi wake. Bwana aliikataa hesabu yao, akamponya yule mtu. Sisi hatuna uwezo wa kuponya, lakini kuikataa hesabu ile twaweza.

Mzee aliyesahau jina letu hakuacha kuwa baba yetu wala mama yetu. Heshima yake haikukaa katika kumbukumbu yake hata ipotee pamoja nayo. Yafaa apelekwe hospitali, maana kusahau kwingine hutokana na maradhi yanayotibika. Asifungiwe chumbani kwa ajili ya haya za wenye nyumba. Asiachiwe binti mmoja peke yake, huku kaka zake wakituma salamu tu.

Tukiuliza ni tabia ya nani ipimwayo katika nyumba yenye mzee wa namna hii, jibu ni jepesi. Yake imekwisha kupimwa, na Mungu aijua. Inayopimwa sasa ni yetu, kila aulizapo kwa mara ya kumi, "Wewe u nani?" nasi tukamjibu kwa upole kama mara ya kwanza.