Mahindi Yamesimama, Usitundike Bunduki

Mwindaji mwenzangu wa South Dakota, najua kinachokuvunja moyo. Msimu wa fezanti ulifunguliwa Jumamosi ya tatu ya Oktoba, sasa Novemba inayoyoma, na mahindi bado yamesimama kama ukuta. Mvua zilichelewesha upanzi, punje hazijakauka, na mashine ya kuvunia ikiingia shambani itazama kwenye matope. Ilikuwa hivyo mwaka 2009, ikawa hivyo tena 2019. Ndiyo utundike bunduki? Usithubutu!

Ndege hawajaisha. Wamo humo humo kwenye mahindi, wanakula na kujificha. Jogoo yule mwenye pete nyeupe shingoni ni mjanja: akisikia mlango wa gari ukibamizwa haruki, hutimua mbio kati ya mistari akatokea upande wa pili. Basi wewe winda pembezoni. Nenda alasiri, kabla jua halijazama, anapotoka kwenye mahindi kwenda kulala katika nyasi ndefu na matete ya vinamasi. Shuka garini kimya, tembea ukiukabili upepo, mwache mbwa anuse. Mkiwa wengi, na mwenye shamba ameridhia, baadhi yenu wapite ndani ya mahindi na wengine wazibe mwisho wa shamba. Ila hapa sibembelezi mtu: ndege anayeruka chini hapigwi, maana nyuma ya mabua huenda yupo mwenzako au mbwa wake. Na kila mmoja avae rangi ya chungwa.

Zaidi ya yote, zungumza na mkulima. Mpe pole kwanza, kwa sababu mazao yaliyokwama ni mkate wake, kisha muulize anatarajia kuvuna lini. Mahindi yakishakatwa, ndege waliokuwa wametawanyika humo hawana pa kwenda ila kwenye nyasi, vinamasi na mistari ya miti ya kuzuia upepo. Anayejua siku hiyo ndiye atakayewakuta.

Na muda upo! Msimu wa kwanza wa jimbo hili, mwaka 1919, ulikuwa wa siku moja tu, katika kaunti ya Spink. Wewe unao hadi Januari 31, majogoo watatu kwa siku. Mpigie mkulima simu leo, mfunge mbwa kengele, na Jumamosi uwe shambani.