Tusiwazime Watoto Wetu



Huko bara, pande za Bungoma, mwaka 2020 ulipoenea ugonjwa wa korona, mtoto wa miaka 9, Stephen Wamukota, aliunda kwa mbao chombo cha kunawia mikono. Mwenye kunawa hukanyaga ubao mmoja, ndoo ikainama na kumwaga maji. Hukanyaga wa pili, akapata sabuni. Mkono haugusi kitu. Mbao zile baba yake alizinunua kwa dirisha. Aliporudi akakuta zimekwisha kuwa chombo, nacho chatikisika. Akakikaza, kisha akaitangaza kazi ya mwanawe. Juni mwaka huo Rais Uhuru Kenyatta akamtunuku mtoto nishani ya Uzalendo.

Sasa twajiuliza: lau mbao zile zingalikuwa zetu, tungalitafuta msumari au bakora? Sisi tunaotawadha mara tano kwa siku tumefunzwa tohara tangu utotoni. Lakini mtoto wetu akiuliza swali chuoni, twamwita mtovu wa adabu.

Sayyidna Umar (r.a.) alimketisha Abdullah bin Abbas, naye kijana, pamoja na wazee wa Badri. Waliponung'unika, alimuuliza mbele yao maana ya Suratun-Nasr, na jibu lake likawatosha.

Basi yatupasa, sisi waalimu kwanza, tuiweke bakora chini na tumsikilize mtoto. Akili ni amana ya Mungu, na amana huulizwa.

Wabillahi tawfiq.