Hakuna Atomi Iliyokosea

Mwaka 1959 mwanafizikia Andrew Lang alichapisha maelezo ya namna ya kupiga picha ya eksirei isiyofanana na ile ya hospitali. Hospitalini mwale hupenya mwili, na mfupa huacha kivuli. Kwa mbinu ya Lang, mwale mwembamba huelekezwa kwenye fuwele kwa pembe ambayo matabaka ya atomi yatauakisi, kisha fuwele na bamba la picha husogezwa pamoja, polepole, mara nyingi kwa saa kadhaa, hadi fuwele nzima imepita mbele ya mwale. Bamba likisafishwa, ndani ya silikoni ambayo kwa macho haina hata alama huonekana nyuzi nyeusi, nyingine zimenyooka, nyingine zimejikunja. Kila uzi ni mteguko, yaani mstari ambao kando yake mpangilio wa atomi umevurugika.

Swali linalonishika kila ninapozitazama picha hizi ni hili: nyuzi hizo zimeundwa na nini?

Hazijaundwa na chochote. Tazama mkeka ambao ukindu mmoja umekatikia katikati, na kindu za jirani zikasogeleana kuziba nafasi. Mkeka una kasoro, lakini tafuta kipande kinachoitwa kasoro, hukipati; kuna ukindu tu, uleule wa kila mahali. Mteguko ni hivyo hivyo. Tabaka moja la atomi limeishia njiani. Kila atomi iliyo kando yake ni silikoni yenye protoni 14, sawa na iliyo mbali kabisa. Hakuna hata moja ya kunyooshewa kidole. Hitilafu ipo, inapigwa picha, inaharibu vifaa vya watu, na bado haikai ndani ya kitu chochote. Inakaa baina ya vitu.

Si ajabu basi kwamba ilifikiriwa kabla ya kuonekana. Mwaka 1934 wanasayansi Taylor, Orowan na Polanyi, kila mmoja kwa njia yake, walidai kwamba lazima fuwele ziwe na miteguko, kwa sababu metali hukubali kupinda kwa nguvu ndogo mno kuliko hesabu ya fuwele kamili inavyotaka. Waliamini kitu ambacho dalili yake ilikuwa udhaifu tu.

Hata kwenye picha hatuioni hitilafu yenyewe. Katika silikoni, atomi za kando ya mteguko wa kawaida zimehama kama nanometa 0.38, ilhali uzi ulio kwenye bamba una upana wa mikromita kadhaa, maelfu ya mara zaidi. Tunachokiona ni majirani waliolazimika kupinda kidogo. Na sababu ya wao kuonekana weusi ndiyo inayonigusa zaidi. Fuwele kamili ni kali: huakisi tu miale inayofika ndani ya sekunde chache za pembe, na digrii moja ya pembe ina sekunde 3,600. Miale mingine yote hupita bila kuakisiwa. Pale palipopinda, baadhi ya miale hiyo hupata matabaka yaliyoinama kwa kiasi kinachoifaa, ikaakisiwa hadi kwenye bamba. Palipovurugika ndipo panapopokea zaidi.

Kuna jambo jingine ambalo wanaopiga picha hizi hulijua vizuri. Mteguko hupindisha baadhi ya matabaka na kuyaacha mengine karibu kama yalivyokuwa. Ukipiga picha kwa kutumia matabaka ambayo haukuyagusa, uzi unatoweka, na fuwele inaonekana safi. Kwa hiyo fuwele ileile hugeuzwa na kupigwa tena na tena kwa matabaka tofauti, na ni kwa kulinganisha picha ambazo uzi upo na zile ambazo haupo ndipo mwelekeo wa mteguko hujulikana. Kutoonekana kwake nako ni ushahidi. Nadhani hili peke yake lingetosha kutufanya tuwe wazito kutoa hukumu baada ya kutazama mara moja.

Silikoni ilikwisha kutibiwa. Mwishoni mwa miaka ya 1950 William Dash, huko Marekani, alionyesha kwamba fuwele ikivutwa kwanza kuwa shingo nyembamba kutoka kwenye mbegu yake, yaani kifuwele inachoanzia kukua, miteguko hutoka nje kupitia pembeni na kuishia hapo. Leo mapande ya silikoni yenye kipenyo cha milimita 300 hukuzwa bila mteguko hata mmoja.

Karabidi ya silikoni, inayotumika sasa katika magari ya umeme, haijafika huko. Baadhi ya miteguko yake hulala kwenye tabaka la msingi la fuwele. Katika vifaa ambamo elektroni na mashimo, yaani nafasi zilizokosa elektroni, hukutana, nishati inayoachiwa huusukuma mteguko ujipanue, na kifaa huanza kudai volteji kubwa zaidi. Kufanya kazi kwenyewe ndiko kunakokikuza kidonda. Mhandisi aliyekipiga kisahani cha fuwele hiyo picha za eksirei kabla ya kujenga kifaa juu yake anajua mteguko uko wapi na umeelekea upande gani. Ubaya wake hawezi kuupima hadi aambiwe ni kifaa gani kitakaa juu yake, kwa kuwa katika diodi ya Schottky, inayotegemea elektroni peke yake, mteguko huohuo unaweza kukaa miaka mingi bila kumsumbua mtu.