Dada Amesahau Tena

Dada yangu alipokuwa na ujauzito wa miezi saba, tulipanda taksi Wandegeya, hapa Kampala, twende Ntinda. Kabla gari halijaondoka akamwambia kondakta, "Nishushe Wandegeya." Abiria walicheka, naye akacheka kuliko wote. Nyumbani tukampa jina la Wandegeya.

Sioni ubaya wa kicheko hicho. Mjamzito halali vizuri na mwili wake unafanya kazi ya watu wawili; akisahau, nani atamlaumu? (Mimi nikichelewesha kitabu cha maktaba sisamehewi.) Ila msamaha huo una bei. Mwenye nyumba alipodai kodi, dada alisema amekwisha kuilipa, taslimu. Nikamwambia, "Ni ujauzito huo, dada." Nilimwamini mtu baki, nikamkana ndugu yangu kwa sababu ya tumbo lake.

John Locke, mwanafalsafa Mwingereza wa karne ya 17, alifungamanisha nafsi ya mtu na kumbukumbu yake. Kama ni hivyo, nilichompokonya dada kilizidi shilingi za kodi. Tena utafiti uliofanywa Barcelona na kuchapishwa mwaka 2016 ulionyesha kuwa ubongo wa mjamzito hubadilika kweli, lakini wanawake waliopimwa hawakuonekana kupungukiwa na kumbukumbu.

Siku ya tatu risiti ilipatikana, imekunjwa ndani ya nguo za mtoto. Nikamwomba dada radhi. Akaniambia amekwisha kusahau. Sikujua nicheke au nisicheke.